Wiski ya Moshi na Wiski ya Asali

Ukifika Mafinga ukauliza ni mwanaume gani mwenye kichwa kigumu kwa kinywaji, hata madereva wa malori ya mbao watakuelekeza kwa Edmund, fundi vitanda wa mtaa wa nyuma ya soko. Watakwambia Edmund huyo amekaa vilabuni tangu ujana wake, amekunywa na watu wa kila namna, wengine wamelala mitaroni, wengine wamegonga milango ya wake wa watu wakidhani wamefika kwao, yeye hajapata kuyumba hata siku moja. Anaaga, anavaa koti, anamshika mkewe mkono, anaondoka amenyooka kama ubao uliopigwa randa. Wanamheshimu kwa hilo kuliko wanavyomheshimu kwa vitanda vyake, na vitanda vyake ni vizuri kwelikweli.

Veneranda, mkewe, akizisikia sifa hizo alikuwa anainama kwenye sufuria kana kwamba mboga inataka kuungua. Kicheko kilikuwa kinamjaa kifuani. Maana Edmund hakuyumba kwa sababu hakunywa. Vyote vilivyonywewa kwa jina lake, mwaka baada ya mwaka, vilipita kwenye koo la Veneranda.

Kwao Veneranda ni kijiji kimoja cha Mufindi, huko ambako ukungu ukishuka asubuhi, ng'ombe wa jirani unamsikia kabla hujamwona. Baba yake alikuwa mgema wa ulanzi. Mvua zikianza na mianzi ikichipua, mzee alikuwa anakata ncha ya kila chipukizi na kutundika mbeta, yaani kile chombo cha mwanzi, utomvu udondokee humo. Asubuhi anarudi, jioni anarudi, kila safari anachonga kipande chembamba kama ganda la kitunguu, la sivyo kidonda cha mwanzi kinafunga na ulanzi unakoma. Kazi ya kuangalia ulanzi umefikia wapi alimwachia Veneranda alipokuwa binti mkubwa, kwa sababu yeye mwenyewe tumbaku ilikuwa imekwisha kuua ulimi wake. Veneranda alikuwa anachovya, anafumba macho, anasema, "Huu bado. Huu kesho. Huu utoke leo, ukilala tena utakuwa siki." Hakukosea.

Sasa, ulanzi uliogemwa leo ni mtamu, unaitwa mtogwa. Ukilala siku mbili tatu unachacha, unakuwa mkali, unaitwa mkangafu. Na kila mtu wa huko anajua kwamba mtogwa ni wa wanawake na mkangafu ni wa wanaume. Nani alipanga hivyo? Hakuna anayemjua. Muuzaji kilabuni haulizi. Anatazama kama umevaa gauni au suruali, anamimina. Veneranda alikunywa mtogwa ujana wake wote, kama msichana mwenye adabu, na ujana wake wote haukumpendeza. Ulikuwa unamkwama kwenye meno. Alichokipenda ni kile alichokuwa anakionja kwa baba yake, kile kikali chenye uchungu kwa mbali, kinachoshuka na kukuachia joto kifuani asubuhi ya baridi. Lakini msichana anayekunywa mkangafu mbele za watu, huko kwao, jina lake linafika kanisani kabla yake.

Mwaka tisini na tatu, kwenye harusi ya binamu yake, alikaa kwenye gogo moja na kijana mrefu mpasua mbao ambaye alikuwa hajui pa kuweka mikono yake. Vikombe vikaja. Wake mtamu, wa kijana mkali, kama kawaida. Kijana akaushika wake kwa mikono miwili, akautazama, akapeleka mdomoni, akaurudisha. Watu walipogeuka kutazama ngoma, akamwinamia.

"Dada, samahani. Huo wako ni mtamu?"

"Mtamu mpaka unakera," Veneranda akasema.

"Huu wangu unataka kuniua."

Wakatazamana. Kisha, bila mtu kuona, mikono yao ikapishana pale kwenye gogo, kikombe kikaenda huku na kikombe kikaja huku. Edmund akanywa akafumba macho kwa raha kama mtoto mchanga. Veneranda naye akanywa, na alipomaliza alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwanaume huyu, hata kama hana shamba, ataolewa naye. Wengine hutongozana mwaka mzima kwa barua na kanga. Wao walimaliza kwa kikombe kimoja.

Edmund hakuwa anajidekeza. Kinywaji kikali kilikuwa kinamgomea tumboni tangu zamani. Kwenye harusi ya kaka yake Saulo alijilazimisha, kikarudi chote juu ya viatu vya padri, na mpaka leo ukoo unasema ni maharage yale hayakuiva. Baada ya hapo akampata Veneranda, na tatizo likaisha. Kilabuni walikuwa wanakaa bega kwa bega. Nyumbani wageni wakija, Veneranda alikuwa anapita kuchukua glasi ya mumewe "nikuongezee, Baba Lea," anaingia nayo jikoni, anaimaliza hukohuko kwa raha zake, kisha anairudisha imejaa chai ya rangi yenye asali, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na wiski. Krismasi moja Saulo alitangaza kwamba leo atamwangusha mdogo wake. Glasi ya sita ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Saulo. Walimbeba kwa toroli la mbao. Edmund siku hiyo alikunywa chai mpaka akakosa usingizi, na Veneranda aliosha vyombo vyote akiimba, hakuvunja hata kimoja.

Jambo lenyewe hawakulizungumza. Lilikuwa kama kufunga banda la kuku: aliye karibu anafunga. Moyoni mwake Veneranda alijua kwa nini anafanya. Mwanaume anayekunywa vitamu, kina Saulo wangemwita mama, wangemwita shangazi, wangemmalizia heshima yake kwa utani tu. Na yeye alimpenda Edmund, wala hakuona haya kulisema hilo. Kwa hiyo alimficha. Aliona fahari kwamba kwa miaka thelathini na moja amemficha mumewe vizuri namna ile.

Ndipo Lea akapata mchumba.

Lea ni binti yao wa pekee, nesi huko Iringa mjini, msichana wa maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Mchumba wake aliitwa Brayson, Mnyakyusa wa Uyole, anafanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma. Posa ilikwisha kupokelewa. Mambo ya ng'ombe yalikwisha kuzungumzwa. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, ambalo katika ukoo wa Edmund wanaliita glasi ya neno.

Liko hivi. Baba wa kijana anakuja na chupa ambayo haijafunguliwa. Anaifungua yeye mwenyewe mbele ya watu, anammiminia baba wa binti. Baba wa binti anakunywa mpaka mwisho, halafu anaipindua glasi juu ya sinia. Glasi ikipinduliwa tupu, neno limekwisha, watu wanapiga vigelegele na wali unaingia. Ikibaki na kitu ndani, hata kidogo, maana yake baba ana neno moyoni na hajalisema. Wageni wanaziba chupa yao, wanaaga, wanakwenda nayo. Hakuna kuuliza wala kubembeleza. Binamu yake Edmund aliwahi kubakiza kiasi cha kijiko tu, wala si kwa kukusudia, ilikuwa kwikwi. Wakwe walitoka Usangu wakarudi Usangu. Yule binti aliolewa miaka saba baadaye, na mtu mwingine.

Veneranda alipolikumbuka hilo, wiki mbili kabla, ndipo usingizi ulipompaa. Chupa haijafunguliwa. Anamimina mkwe. Hapo chai ya rangi ingepitia wapi?

"Si wanamiminaga upana wa kidole kimoja tu," Edmund alisema. "Kidole kimoja naziba pua, nakimeza."

"Utakimeza kikae?"

"Kitakaa. Kwa ajili ya Lea kitakaa."

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa nne, manyunyu tangu alfajiri na harufu ya misonobari iliyokatwa kila mahali. Wageni waliingia saa nne. Mzee Amos, baba yake Brayson, alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu mkubwa mwenye sauti ya taratibu, na alionekana ana wasiwasi wa kukosea mila za watu. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa mwembamba, kitambaa kimefungwa barabara, macho makali. Wanaume wakawekwa barazani, wanawake sebuleni. Kati yao dirisha moja lenye pazia jepesi, na kwa kiti alichochagua Veneranda, akiinama kidogo tu alikuwa anamwona mumewe.

Brayson akatoa chupa mbili. Aliletwa mbele aeleze, akaeleza kwa adabu, huku jasho linamtoka kwenye ubaridi ule. Zote ni wiski, akasema, amezinunua Tunduma, tena amemuuliza vizuri mwenye duka. Hii nyeusi ni ya wazee wanaume, ina moshi, ni kali. Na hii ya njano ni ya kina mama, imetiwa asali, haiumizi.

"Kijana amefundishwa," Saulo akasifu. Yeye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, na tangu asubuhi alikuwa amevaa suti.

Tupokigwe akammiminia Veneranda ile ya asali. Veneranda akainusa kwa heshima. Ilikuwa kama dawa ya kikohozi ya watoto. Hapohapo, kupitia dirishani, chupa nyeusi ilifunguliwa, na harufu yake ikapenya pazia ikamfikia: moshi wa kuni mbichi, udongo uliolowa, kitu kama jiko la baba yake asubuhi ya masika. Mate yalimjaa mdomoni, akameza. Akajikemea moyoni: tulia, mama, leo ni siku ya mtoto.

Mzee Amos akaanza kumimina. Kidole kimoja. Akasita, akanyanyua chupa. Veneranda akashusha pumzi.

"Aa-aa, mkwe!" Ilikuwa sauti ya Saulo. "Hapo unatuonea. Huyu unayemwona hapa ni tangi. Mafinga nzima hakuna wa kumwangusha, mimi mwenyewe alinishinda. Kidole kimoja kwa Edmund ni matusi."

"Samahani sana, sikujua," Mzee Amos akasema, na kwa kweli alishtuka, masikini, mtu aliyekuwa anaogopa kukosea. Akamimina tena. Akamimina mpaka ile glasi ndefu ya maji ikajaa hadi ukingoni, akaisukuma polepole isimwagike.

Veneranda alimtazama mumewe. Edmund aliitazama glasi kama mtu anayetazama gogo lililouzidi msumeno ukubwa. Kisha akaishika. Akaziba pua, akijifanya anafuta kamasi. Akanywa.

Robo ikaenda. Akapumua. Ikaenda hadi nusu. Uso ukageuka rangi, machozi yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama. Akashusha glasi mezani, kiganja mdomoni, na mabega yake yakaanza kuruka. Veneranda aliyajua mabega yale. Alisimuliwa jinsi yalivyoruka karibu na viatu vya padri.

Saulo alikuwa anatabasamu bado, lakini tabasamu lilianza kukauka. Mzee Amos akaitazama nusu ya glasi, akamtazama mwanawe, halafu mkono wake ukaenda, taratibu, kwa huzuni, kukitafuta kifuniko cha chupa.

Sebuleni wanawake nao walikuwa wamelisogelea dirisha. Lea, aliyekuwa mlangoni na sinia la maji ya kunawa, akaliweka chini. Akaja akapiga magoti karibu na kiti cha mama yake, akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mama," akanong'ona, "nenda kamsaidie baba. Kama siku zote."

Veneranda akamgeukia. "Kama siku zote nini?"

"Mama jamani. Tangu nikiwa darasa la pili najua. Nilikuwa naonja zile chai zake. Nenda, watafunga chupa."

Mtu akiwa na jambo la kumshtua na jambo la kumwogopesha kwa wakati mmoja, la kumshtua linasubiri. Kilichomwogopesha Veneranda kilikuwa kimekaa mkono wake wa kulia, na kitambaa chake kimefungwa barabara. Asipokwenda, chupa inafungwa na Lea anabaki kama yule binti wa binamu. Akienda, mama mkwe atamwona kwa macho yake mama wa binti anateremsha wiski ya wanaume, saa tano asubuhi, na atajiuliza huyu mtoto amelelewa na nani. Kote huko wanasema ukitaka kumjua binti mtazame mama. Miaka yote hiyo jina lake limekaa safi, mama wa jumuiya, mshika funguo za kabati la kanisa. Aliona linakwenda.

Akamtazama Lea. Lea hakuwa analia, ila kidevu kilikuwa kinatetemeka kama enzi zile akiwa mdogo akichomwa sindano. Basi. Veneranda akasimama na glasi yake ya asali mkononi, akapita mlangoni, akatoka barazani katikati ya wanaume.

"Shemeji," Saulo akasema, "huku ni kwa wanaume, bado tuna mazungumzo."

"Naona," Veneranda akasema. Akaweka glasi yake mbele ya Edmund, akanyoosha mkono kuichukua ya mumewe.

Edmund hakuiachia. Aliikamata kwa nguvu zote, macho mekundu, pumzi inakwama. "Acha, Mama Lea," akasema chinichini. "Namalizia. Acha."

"Huwezi."

"Watakusema."

"Watakusema wewe."

"Mimi?" Edmund akamtazama kana kwamba amesikia jambo geni. "Mimi kuchekwa na Saulo si kitu, ananicheka tangu tunachunga mbuzi. Wewe watakuita mlevi. Mwanamke akiitwa mlevi halitoki. Miaka yote hii nakuficha, leo uje ujianike mwenyewe mbele ya wakwe?"

Veneranda alisimama pale, mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Alitaka kusema mimi ndiye nilikuwa nakuficha wewe. Alikumbuka Krismasi zote, jinsi Edmund alivyokuwa anageuza kiti chake kidogo, tena kidogo, mpaka mgongo wake unauziba mlango wa jikoni. Alidhani ni baridi anaikimbia. Kumbe mwanaume huyu amejibebea sifa ya ulevi mji mzima, yeye asiyeweza hata kijiko, ili mkewe anywe kwa amani. Moyo wake ulijaa, na alimpenda pale barazani kuliko siku ile ya gogo.

"Lete," akasema, sauti yake safari hii ikasikika na wote. "Niache ninywe ninavyokunywa."

Edmund akaachia.

Veneranda akainyanyua. Moshi ukamwingia puani, halafu ulimini, mkali, wenye chumvi kwa mbali, ukashuka ukimpasha joto mpaka miguuni. Hakuwahi kuonja kitu kizuri namna ile, na hakuwa na haja tena ya kukificha. Hakukimbiza. Aliinywa kama mtu anayejua anachokunywa, akamaliza, akaipindua juu ya sinia. Halikudondoka hata tone.

Edmund naye akachukua ile ya asali, akainywa yote, akalamba mdomo. Rangi ikamrudia. "Sasa hiki ndicho kinywaji," akasema, akaipindua kando ya ile nyingine.

Glasi mbili tupu. Hakuna aliyejua mila inasemaje juu ya glasi mbili.

Saulo ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kama msemaji wa ukoo. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo ile Krismasi... aliyenipakiza kwenye toroli ni shemeji?"

"Nilikwambia usiongeze ya tano, shemeji," Veneranda akasema.

Mzee Amos alikuwa bado ameshika kifuniko. Alizitazama glasi, akamtazama Edmund, akamtazama Veneranda, halafu tumbo lake kubwa likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja. "Ndaga fijo," akasema, na hata asiyejua Kinyakyusa alielewa kwamba anashukuru. "Mimi nilikuwa nammiminia asiyehusika! Mwanangu, umeona? Neno la nyumba hii limekwisha, tena mara mbili."

Alibaki Tupokigwe. Alikuwa amesimama mlangoni, amefuata nyuma, na Veneranda alimgeukia akiwa tayari kwa lolote. Tupokigwe aliitazama chupa nyeusi, akaitazama ya njano, uso haukubadilika.

"Mimi zote mbili ni takataka," akasema. "Nimeolewa miaka thelathini na tano, kila sherehe ninapewa vitamu, navimwaga kwenye maua. Mama Lea, nyumba hii kuna chai?"

"Chai ipo," Veneranda akasema, na hapo ndipo alipokaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, ambacho kilikuwa cha Saulo. Lea ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, yeye mwenyewe kwenye shughuli yake, kitu ambacho nacho si mila.

Wali uliliwa. Brayson alikuja kumwinamia mama mkwe wake mtarajiwa, akaomba radhi kwamba pale dukani aliulizia cha mwanaume na cha mwanamke, hakufikiria kuuliza wanapenda nini. Veneranda akamwambia ajifunze mapema, amuulize Lea. Akaulizwa Lea. Lea akasema yeye anataka soda, na asizoee kununua bila kuuliza. Watu wakacheka. Saa tisa wageni waliondoka kurudi Uyole, na Saulo naye akaondoka, amevua koti la suti, akiendelea kuhesabu vidoleni ni sherehe ngapi amedanganywa.

Mambo ya kusemwa yalisemwa, ni kweli. Jumapili iliyofuata kanisani kuna waliotazama pembeni, na fundi mmoja alimwita Edmund shangazi. Edmund akaitika. Utani huo haukuwa tena na utamu, ukafa wenyewe.

Lakini hiyo ni baadaye. Jumamosi ile, wageni walipokwisha kwenda na Lea akiwa jikoni anaosha vyombo, wazee wawili walibaki barazani. Manyunyu yalikuwa yamekatika, ukungu umeanza kushuka kwenye misonobari. Chupa mbili zilikuwa mezani. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, Veneranda alijimiminia mwenyewe ile ya moshi, kidole kimoja, mchana kweupe, majirani wanapita na kusalimia. Edmund akajimiminia ya asali. Kila mmoja akaiweka glasi yake mbele yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unanificha," Veneranda akasema.

"Na wewe ulikuwa unanificha."

"Tumefichana vizuri."

Wakatazama barabara. Kisha wakanyoosha mikono. Na mikono ile, iliyokuwa haijui kwamba mambo yamekwisha kubadilika, ikapishana juu ya meza kama ilivyopishana juu ya gogo, glasi ikaenda huku na glasi ikaja huku. Edmund akapeleka mdomoni, akakohoa. Veneranda akaonja, akakunja uso.

Wakatazamana, wakacheka mpaka Lea akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Halafu ikabidi wabadilishane tena.